Kukuza biashara ya familia ya zawadi za wanyama, hatua kwa hatua

Mwaka 1880, katika mji mdogo wa Giengen nchini Ujerumani, mshonaji Margarete Steiff alitengeneza tembo mdogo wa kitambaa ili watu wachomeke pini zao. Watoto wakamchukua wakaanza kumchezea. Tembo wa pini akawa mwanasesere, karakana ya nguo ikageuka kiwanda cha wanyama, na watoto wa kaka yake wakaingia kazini. Mwaka 1902 mmoja wao, Richard, alibuni dubu mwenye mikono na miguu inayozunguka. Kufikia 1907 kiwanda kilikuwa kinatoa karibu dubu milioni moja kwa mwaka.

Ninaanza na habari hii kwa sababu ina mambo mawili ambayo familia nyingi zinazouza zawadi za wanyama huyapita bila kuyaona. La kwanza, wateja ndio walioonyesha bidhaa ni nini hasa. La pili, walikuwa na wanyama wengi, lakini mmoja ndiye aliyewabeba. Biashara hii haikui kwa kuongeza twiga, bundi, kasa na kinyonga kila mwezi huku mikono ya kushona ikiwa ileile. Inakua pale mnaposhika wanyama wachache wanaolipa, mkajua kuwatengeneza vilevile kila mara, na mkajua kila mmoja anawagharimu kiasi gani.

Hatua ya 1: Mjue anayetoa na anayepewa

Zawadi ina watu wawili, na anayelipa siye atakayeitumia. Kila mteja akinunua, muulize swali moja tu: "Unampa nani?" Jibu liandike kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya majibu 50 utaanza kuona makundi. Kuna shangazi anayempelekea mtoto. Kuna wafanyakazi wanaomuaga mwenzao. Kuna anayependa wanyamapori kwa dhati na anajua tofauti ya chui na duma. Na kuna mwenye mbwa au paka wake.

Huyu wa mwisho anastahili kuangaliwa kwa karibu. Hataki "mbwa". Anamtaka mbwa wake: sikio moja limesimama na jingine limelala, baka jeupe kifuani, mkia uliopinda kidogo kulia. Ukimpa kikombe chenye mbwa yeyote atatabasamu na kukirudisha rafuni. Ukimpa chenye sikio lile, atalipa zaidi na atarudi na rafiki yake. Kwa familia ndogo hapa ndipo penye nguvu, kwa sababu kiwanda kikubwa hakiwezi kusimamisha mashine kwa ajili ya sikio moja.

Hatua ya 2: Hesabu kila mnyama peke yake

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari waliyaona. Chukua mauzo ya miezi sita na uyapange kwa mnyama, si kwa siku. Kila mnyama apate mstari wake: ameuzwa mara ngapi, wamebaki wangapi stoo, amerudishwa mara ngapi na kwa nini.

Kisha hesabu gharama yake. Hebu tuchukue sungura wa kitambaa, kwa namba za mfano tu. Kitambaa, uzi na pamba ni 22. Muda wa kushona ni 30. Vifungashio ni 6. Fungu lake la pango, umeme na uchakavu wa cherehani ni 8. Vitambaa vinavyoharibika na vinavyokatwa vibaya ni 4. Jumla 70.

Ile 30 ya muda ndiyo inayofutwa na familia nyingi. "Mama anashona, hatumlipi." Mama anashona usiku wa manane, mgongo unamuuma, na kwenye daftari kazi yake imeandikwa sifuri. Sungura anaonekana amegharimu 40, mnamuuza 60, mnashangilia faida ambayo kwa kweli ni hasara ya 10 aliyoibeba mtu mmoja. Siku mama akiugua mkalazimika kumwita fundi wa kulipwa, biashara inazama papo hapo. Andikeni muda wake hata kama mwanzoni hamna fedha ya kumlipa yote. Iwe deni linaloonekana.

Bei nayo ina mtego. Ukiongeza asilimia 50 juu ya 70 unapata 105, na faida yako ni 35. Mteja akiomba punguzo la asilimia 20 linaonekana dogo, lakini ni 21, na inatoka yote kwenye ile 35. Unabaki na 14. Umetoa asilimia 60 ya faida yako kwa neno moja la ukarimu. Ndiyo maana nashauri umwongezee mteja kitu kidogo chenye gharama ndogo, kama kadi ya mkono yenye jina la anayepewa, badala ya kupunguza bei.

Sasa pangeni wanyama wenu kwa faida ya kila saa ya kazi. Orodha hii mara nyingi huwashangaza watu, kwa kuwa mnyama anayesifiwa zaidi anaweza kuwa anakula saa sita za kudarizi manyoya. Wale wa chini kabisa, uzeni waliobaki na msiwashone tena. Najua inauma. Kila familia ina mnyama aliyebuniwa na mtu mpendwa, na kumwondoa ni kama kumkosea mtu huyo heshima. Mwekeni mmoja nyumbani, mahali pa kuonekana, na mwendelee na kazi.

Hatua ya 3: Tenganisheni mfuko wa nyumba na mfuko wa biashara

Akaunti mbili, au hata mikebe miwili mwanzoni. Fedha ya mauzo haiendi sokoni moja kwa moja. Inaingia kwenye biashara, kisha biashara inamlipa kila mtu kiasi kilichoandikwa, siku iliyoandikwa. Anayetaka zaidi anaandika kwamba amekopa.

Gawaneni pia kazi kwa majina. Nani ananunua malighafi? Nani ana neno la mwisho kuhusu muundo? Nani anajibu wateja, na nani anapokea lawama? Ndugu wakiachiana kila kitu "tutajua", huwa hawajui mpaka oda imechelewa, na hapo ugomvi unakuwa wa kifamilia wakati ulipaswa kuwa wa kazi tu. Mtoto wa shule anayesaidia kukunja kadi asipewe mkasi wa umeme wala oda yenye tarehe.

Hatua ya 4: Mwandikie kila mnyama kadi yake

Hapa ndipo biashara nyingi ndogo hukwama bila kujua. Mteja aliyenunua dubu mwezi wa tatu anarudi mwezi wa nane kumnunulia mtoto wa pili. Anapewa dubu mwenye uso mwingine. Kitambaa ni kilekile, patani ni ileile, lakini macho yamewekwa milimita tatu juu zaidi na yamesogeleana, na yule aliyekuwa mpole sasa anaonekana mwenye hofu. Mteja hawezi kueleza kilichobadilika. Anasema tu, "Siye yule."

Kadi ni karatasi ngumu moja kwa kila mnyama. Andika jina la kitambaa na la muuzaji wake, namba ya rangi ya uzi, na upande wa kulalia manyoya wakati wa kukata. Andika umbali kati ya jicho na jicho, na kutoka jicho hadi pua, kwa milimita. Andika uzito wa pamba kwa gramu, na uipime kwenye mizani ya jikoni kabla ya kujaza. Ukijaza kwa kukisia, mnyama wa asubuhi anakuwa mgumu kama mto mpya na wa jioni analegea shingo. Bandika picha ya uso kutoka mbele na ya ubavuni. Mwisho andika muda unaotakiwa, hatua kwa hatua.

Kadi ikishakamilika, utaona pia mahali pa kuokoa muda. Kukata sungura mmoja, kumshona, kumjaza, kisha kuanza mwingine ni kupoteza muda kwa kubadilisha zana. Kata kumi kwa pamoja, shona masikio ishirini mfululizo, kisha miili, na mikono yenyewe itashika kasi.

Hatua ya 5: Jaribu usalama kabla ya mtoto kuujaribu

Sema wazi kama zawadi yako ni ya mtoto au ni pambo la mtu mzima, lakini usifikiri kibandiko cha "si ya kuchezea" kitakulinda. Mnyama laini mwenye macho makubwa atafika mikononi mwa mtoto tu, hata ukiandika nini.

Kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea, EN 71, kinataka kitu kama jicho au kifungo chenye upana unaozidi milimita 6 kistahimili mvuto wa nyutoni 90 kwa sekunde 10 bila kung'oka. Hiyo ni takriban uzito wa kilo 9. Chukua ndoo, tia maji lita 9 kasoro kidogo ili uzito wa ndoo yenyewe uhesabike, funga kamba imara kwenye kibanio kilichobana jicho, inua mnyama taratibu na uhesabu hadi kumi. Mara ya kwanza tulipofanya hivi nyumbani, jicho lilitoka kabla hatujafika nne, likaanguka ndani ya maji. Lilikuwa jicho zuri, jeusi, linalong'aa, na tulikuwa tumeshauza wanyama wenye macho kama hayo. Tuliwatafuta wanunuzi mmoja mmoja kwa simu. Tangu siku hiyo wanyama wote wa watoto wadogo wanadariziwa macho kwa uzi, na nyuso zao zimekuwa laini zaidi, si mbaya zaidi.

Jaribio la ndoo halichukui nafasi ya maabara. Likishindwa, umeokoa ada ya maabara. Likifaulu, ndipo upeleke sampuli. Kumbuka pia kipimo cha vitu vidogo: chochote kinachoingia chote ndani ya mcheduara wenye kipenyo cha milimita 31.7 hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Usiweke utepe mrefu shingoni, na hesabu sindano na pini kabla ya kuanza kazi na baada ya kumaliza. Sindano ikipotea, kazi inasimama mpaka ipatikane.

Hatua ya 6: Usiuze mnyama aliyeumizwa, wala picha isiyo yako

Anayependa wanyama anakuamini kwamba nawe unawapenda. Kwa hiyo chunguza malighafi yako. Mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kuvuka mipaka. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba viko upande wa marufuku. Matumbawe magumu, chaza wakubwa na farasi-bahari huhitaji vibali. Hata manyoya ya ndege yaliyookotwa chini yanaweza kukuletea kesi: Marekani, kwa mfano, ina sheria ya ndege wanaohama tangu 1918 inayokataza kuuza manyoya ya ndege wengi wa porini. Mapambo ya gamba la kasa yanaweza kuigwa kwa resini yenye rangi, lakini mimi binafsi nisingeuza hata ya kuiga, maana yanafundisha watu kulitamani la kweli.

Kuhusu picha, jambo ni fupi. Picha ya simba uliyoikuta mtandaoni ina mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki yake inazaliwa picha inapopigwa, bila kusajiliwa. Wanyama wa katuni maarufu nao ni mali ya makampuni. Chora wako, piga picha zako, au lipia leseni na uhifadhi risiti.

Hatua ya 7: Chagua mahali pa kuuzia kwa kutumia hesabu ya hatua ya 2

Mwenye duka la zawadi anayenunua kwa jumla kwa kawaida hutaka kulipa takriban nusu ya bei ya rejareja. Rudi kwa sungura wetu wa 70. Ukiwa umezoea kumuuza 105, dukani utapewa 52 hivi, na kila sungura atakuondolea 18. Oda ya sungura 200 itaonekana baraka, kumbe ni shimo. Ama bei ya rejareja ipande hadi iruhusu jumla, ama upunguze saa za kushona, ama umwambie mwenye duka kwa heshima kwamba kwa sasa huuzi jumla. Njia ya kati ni kumpa bidhaa isiyokula muda, kama kadi, vibandiko na cheni za funguo, huku wanyama wa kushonwa ukiuza mwenyewe.

Mali kauli, yaani kuacha bidhaa dukani ulipwe zikiuzwa, inafaa kwa kujaribu duka jipya. Andikeni idadi, tarehe ya kuhesabu, na nani analipa kilichochafuka au kuibwa. Usiweke huko zaidi ya unachoweza kukosa kwa miezi mitatu.

Kwa mauzo ya mtandaoni, picha ndiyo mikono ya mteja. Mweke mnyama karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, na upige picha moja akiwa ameshikwa ili ukubwa wake uonekane. Andika urefu kwa sentimita. Malalamiko ya "nilidhani ni mkubwa" huisha karibu yote kwa mkono mmoja ndani ya picha.

Usafirishaji nao una hesabu yake. Kampuni nyingi za vifurushi hutoza kwa uzito au kwa ujazo, kile kilicho kikubwa. Kanuni inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 5,000. Boksi la 30 × 25 × 20 linahesabiwa kilo 3, hata kama sungura aliye ndani ana gramu 400. Kwa hiyo boksi lichaguliwe wakati wa kubuni mnyama. Masikio yanayokunjika yanaweza kukuokolea nusu ya nauli.

Hatua ya 8: Fanyeni kazi miezi mitatu mbele ya kalenda

Mbali na sikukuu zinazojulikana, wapenda wanyama wana siku zao: Siku ya Wanyamapori Duniani ni Machi 3, ya nyuki ni Mei 20, ya simbamarara ni Julai 29, ya tembo ni Agosti 12, ya wanyama wote ni Oktoba 4. Chagueni mbili tu zinazolingana na wanyama wenu. Malighafi inunuliwe miezi mitatu kabla, kushona kuishe mwezi mmoja kabla, na tangazeni wazi siku ya mwisho ya kupokea oda. Mkiitangaza, iheshimuni. Zawadi iliyofika kesho yake si zawadi tena, na mteja atakumbuka aibu aliyoipata mbele ya mgeni wake.

Hatua ya 9: Oda maalumu zishughulikiwe kwa utaratibu na kwa moyo

Oda ya mbwa au paka wa mtu mwenyewe inahitaji picha tatu (uso, ubavu, mkia), malipo ya awali ya nusu, na mchoro ambao mteja anaukubali kwa maandishi kabla hujakata kitambaa. Eleza mabadiliko mangapi ni bure. Weka kikomo cha oda hizi kwa wiki, kwani zinaweza kuimeza biashara nzima.

Baadhi ya oda hizi zitakuwa za wanyama waliokufa. Utazitambua kwa jinsi ujumbe unavyoandikwa: mteja anataja kwanza jina, halafu miaka waliyoishi pamoja, na bei haulizi. Usimharakishe. Tumia jina la mnyama kila unapojibu. Usimtumie tangazo la punguzo wiki hiyo. Na ukimfungashia, mlaze mnyama akiwa ametazama juu, ili boksi likifunguliwa uso ndio uonekane kwanza. Aliyetufundisha hili ni mteja mmoja aliyefungua boksi akakuta mgongo, akatuandikia kwamba alishtuka kama siku aliyomkuta paka wake amelala vile. Tulilia wote mezani.

Hatua ya 10: Kuongeza mtu kabla ya kuongeza mashine

Dalili ya kwanza ya kuhitaji msaada ni kuanza kukataa oda za mnyama yuleyule kwa miezi mitatu mfululizo. Mwezi mmoja wa msimu hautoshi kuwa ushahidi. Hapo usikimbilie mkopo wa mashine ya kudarizi. Tafuta mtu mmoja wa kulipwa kwa saa, asiye wa familia, na umpe kadi ya sungura, kitambaa kilichokatwa, uzi na mizani. Usimwelekeze kwa mdomo. Kaa pembeni na uandike kila swali atakalouliza, kwa sababu kila swali ni mstari uliokosekana kwenye kadi. Akimaliza, mweke sungura wake katikati ya wawili alioshona mama, mwite mtoto wa nyumbani, na umuulize yupi ni mgeni. Akimtambua mara moja, rekebisha kadi na umlipe mshonaji siku hiyo yote. Akisitasita, mpe kitambaa cha sungura kumi.